Barua ya Kurasa Nne

Tarehe 3 Machi

Kwako wewe, binti wa Mama Saluni,

Sikusalimu. Salamu ni za watu wanaotakiana heri, na mimi heri yako siitaki.

Mwandiko huu si wangu. Mkono wangu wa kulia umezungushiwa vyuma, vidole vitatu vimeshikiliwa kwa pini, na daktari ameniambia kidole cha shahada hakitapinda tena. Miaka ishirini na sita nimekula kwa kidole hicho. Miwani yangu nayo ilisagika chini ya tairi lako, na bila miwani mimi na karatasi hatujuani. Kwa hiyo mimi natamka, mume wangu anaandika. Ukijibu, yeye ndiye atakayenisomea, kisha barua yako itaingia kwenye bati langu la vifungo. Bati lina kufuli na ufunguo nauvaa shingoni. Haitoki humo mpaka tarehe 14 Aprili, siku ya kamati ya leseni.

Mama yako amepiga simu mara tisa. Sipokei. Maneno ya simu ni upepo, nami nataka kitu nitakachokiweka mezani mbele ya wakubwa. Nimesikia umekimbilia kwa shangazi yako mji wa pili. Kaa huko huko, maana nikikuona leo nitasema maneno ambayo hata mume wangu atakataa kuyaandika.

Ulikuwa na leseni kwa siku kumi na tisa. Nimehesabu. Mimi nilikuwa barazani kwangu, chini ya mteremko wa tangi la maji, natia pindo gauni la bibi harusi. Jambo moja linaniudhi kila nikifumba macho: sikusikia gari. Hakuna injini, hakuna honi. Nilisikia nguzo ya baraza inavunjika, basi, cherehani ikawa juu ya mkono wangu. Mume wangu anasema ni mshtuko, masikio huziba. Huenda. Yeye ameendesha malori miaka thelathini bila mkwaruzo, mtaa mzima unamwita Taratibu, na siku ile alikuwa wa kwanza kufika. Alikwenda kwenye gari lako kabla ya kuja kwangu. Sikumlaumu, nilijua ni utu.

Nataka mambo mawili tu. Ulikuwa unafanya nini kwenye ule mteremko? Na nani alikufundisha gari? Nataka jina. Nitaanza na wewe, nikimaliza namgeukia yeye, na wote wawili nitawaonyesha kilichomtoa kanga manyoya.

Fundi

Jibu kwa ufupi, binti. Macho yangu nayo si ya ujana. — Mwandishi, Taratibu


Tarehe 9 Machi

Mama Fundi,

Shikamoo.

Sijui nianzie wapi. Nimechana karatasi sita. Nakuomba radhi kwa yaliyokupata. Silali vizuri na shangazi ananilazimisha kula.

Uliuliza nilikuwa nafanya nini. Nilikuwa nateremka, nikakanyaga breki, breki zikakataa. Ndivyo nilivyomwambia askari siku ile na ndivyo ilivyo. Nilijitahidi kukata kona nikashindwa.

Kuhusu mwalimu, nilisoma shule ya udereva iliyo nyuma ya soko. Cheti ninacho.

Mungu akuponye haraka.

Binti wa Mama Saluni


Tarehe 15 Machi

Mwongo mkubwa wewe,

Mkaguzi wa magari ameleta ripoti yake jana. Amelifungua gari la mama yako mpaka utumbo. Breki nzima. Bomba la mafuta ya breki zima. Ufunguo ulikutwa mahali pa kuwashia, gia ya pili ndani. Anasema dereva alikuwa mwendo wa kasi na hakukanyaga breki ipasavyo. Njia ya mwongo fupi, mwanangu, na yako haikufika hata wiki mbili.

Sikiliza nikueleze uliloliharibu, maana nahisi unadhani ni mkono tu. Nina sare arobaini na moja za shule hazijakatwa. Yule bibi harusi alifunga ndoa na gauni la kuazima. Jana nilijaribu kutia uzi kwenye sindano kwa mkono wa kushoto, huku nimeibana kwa meno, nikaumwa ufizi na uzi haukuingia. Mume wangu ananifunga vifungo vya blauzi. Mimi, fundi wa nguo, nafungwa vifungo!

Na hiyo shule yako ya nyuma ya soko nimeipeleleza. Mwalimu wao anasema kwenye milima hawafundishi, wanazunguka uwanja tambarare na koni zao za plastiki. Anasema siku ya mtihani ulipandisha na kuteremsha kama mtu mzoefu, mpaka akakuuliza umejifunza wapi. Kwa hiyo kuna mtu mwingine. Mtu aliyekaa pembeni yako na kukutia ujinga kichwani, kisha akakuachia barabara ya watu. Huyo ndiye ninayemtaka kuliko hata wewe. Wewe una miaka kumi na minane, akili zako bado mbichi. Yeye alijua.

Mtaje. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi.

Fundi


Tarehe 15 Machi, jioni

Binti,

Nimekitia kikaratasi hiki kwenye bahasha hiyo hiyo, mke wangu hajui. Kichome ukishakisoma.

Shikilia ulichosema. Ripoti ya mkaguzi isikutishe, hao nao hukosea. Ukibadilisha maneno sasa watakuita mwongo mara mbili na utafungwa. Ukinyamaza, nitasimama kwenye kamati niseme ni uchanga tu wa dereva mpya, na mimi neno langu kuhusu magari linasikilizwa. Mke wangu ana hasira za kwenda mbio, zitapoa. Taratibu tu.

T.


Tarehe 22 Machi

Mama Fundi, shikamoo.

Na wewe Mzee Taratibu, unayemsomea, shikamoo. Najua barua hii imeshikwa na wewe. Nakuomba kwa heshima zote uisome yote, kurasa nne, usiruke mstari. Kama kuna pahala sauti itakwama, pumzika kisha uendelee.

Mama, nimekudanganya. Breki hazikukataa. Nilizima injini.

Nikiwa mwanagenzi, gari lilinizimikia kwenye mteremko wa tangi, magari yanapiga honi nyuma yangu, nikaanza kulia. Mumeo alikuwa anapita kwa miguu. Akaja dirishani, akasema, “Toka uhamie huku, binti, nikuonyeshe.” Akalipandisha mpaka juu kama analisukuma kwa kidole. Kuanzia hapo, kila Jumapili asubuhi mama akiwa saluni, tulikutana kwenye uwanja wa tangi. Nilimwuliza kama wewe unajua. Akasema hapana, wewe unajua anakwenda kucheza drafti, na hana kibali cha kufundisha, kwa hiyo tusimwage mtama kwenye kuku wengi.

Alinifundisha mengi mazuri. Kutazama vioo vyote vitatu kabla ya kusogea. Kuacha nafasi ya gari mbili mbele yangu. Kutopokea simu hata iwe ya mama. Lakini alinifundisha na lile moja. Ukifika juu ya mteremko, toa gia, zima injini, liache liteleze lenyewe. Alisema mafuta yanalala, gari linapumua, na dereva wa kweli hujulikana kwa kuteremka kimya. Alisema amefanya hivyo miaka thelathini. Tulifanya pamoja mara saba au nane, yeye akiwa pembeni na mkono juu ya breki ya mkono.

Ndiyo maana hukusikia gari, mama. Masikio yako hayakuziba.

Siku ile nilikuwa na rafiki yangu. Nilitaka kumringia. Nikasema, “Tazama, naweza kulishusha hili bila injini.” Mtoto wa jirani alikatiza na baiskeli, nikakanyaga breki mara tatu za haraka haraka, na ya nne pedali ikawa ngumu kama jiwe. Usukani nao ukawa mzito. Sikujua kwamba injini ikizimwa, breki inakubakishia mikanyago miwili mitatu tu yenye nguvu. Nimejua juzi, kwenye kitabu cha udereva cha shangazi. Hata breki ya mkono sikuikumbuka, maana mkono uliokuwa unaishika siku zote haukuwa wangu. Kisha nikaiona baraza yako.

Mzee Taratibu alipofika, rafiki yangu ameshakimbia kuita watu, aliingiza mkono dirishani, akarudisha ufunguo mahali pa kuwashia, akatia gia ya pili. Akaninong’oneza, “Sema breki zimekataa. Mengine niachie.” Nikasema alivyosema. Kisha ndiyo akaja kwako.

Simtaji ili nipone. Aliyezima ufunguo ni mimi, aliyeringa ni mimi, na aliyemdanganya askari ni mimi. Kama ni kufungwa nitafungwa. Lakini uliniuliza jina, na kila siku jina hilo linakufunga vifungo, nami nimeshindwa kulibeba.

Ahsante Mzee kwa kusoma mpaka hapa.

Binti wa Mama Saluni


Tarehe 27 Machi

Binti,

Nimesomewa barua yako. Ati “nilikuwa nachezea simu, naomba msamaha, sina mwalimu mwingine.” Hayo tu! Nimengoja wiki nzima kwa hayo! Bahasha ilikuwa nono nikadhani leo nitashiba, kumbe mume wangu anasema una mwandiko mkubwa kama wa darasa la kwanza. Alisoma huku anakohoa, mpaka nikamwonea huruma nikamwambia akanywe maji. Alipomaliza nilinyoosha mkono wa kushoto nikaichukua, nikaifungia kwenye bati pamoja na zile nyingine.

Basi umechagua. Nilikupa mlango ukaufunga, sasa usilie ukibanwa kidole.

Nimeambiwa una nafasi chuo cha uuguzi, mnaanza mwezi wa tano. Wewe! Uguse wagonjwa! Simu hukuweza kuiacha dakika mbili, utaacha nini ukiwa na sindano mkononi? Nimewaandikia wakuu wa chuo. Wateja wangu sitini na wawili wametia sahihi chini. Nimeeleza kwamba umevunja mkono wa mtu, umesema uongo kwa askari, na umeungama kwa mwandiko wako kwamba ulikuwa kwenye simu. Mume wangu aliiandika bila kuinua kalamu na akaipeleka posta yeye mwenyewe, kwenye mvua. Sijawahi kuona mwanamume anayempenda mkewe namna hii.

Wewe ulininyang’anya kazi. Na mimi nimekunyang’anya yako. Hapo ndipo tumeanza kuelewana.

Fundi


Tarehe 5 Aprili

Mama Fundi,

Shikamoo.

Chuo wamenijibu. Nafasi yangu wamempa mwingine.

Kumbe hukusomewa. Sikuandika neno hata moja kuhusu simu. Barua yangu ya tarehe 22 Machi ina kurasa nne, pande zote mbili, na mwandiko wangu ni mdogo. Ipo ndani ya bati lako. Siandiki tena yaliyomo. Ukipata miwani, isome mwenyewe.

Hii nimemtumia mama aisukume chini ya mlango wako mzee akiwa ametoka. Mama hajui chochote. Nilikwisha kusema uongo mmoja mbele ya askari, nikaona wa kuniamini hayupo tena.

Binti wa Mama Saluni


Tarehe 9 Aprili

Binti

Hii ni kushoto. Vumilia.

Miwani imekuja jana, fundi wake kaileta mwenyewe. Mume hakuwepo. Nimesoma. Kurasa nne. Mara tatu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Na nguo zake zote nimeshona mimi.

Sijamwambia kitu. Miwani nimeificha. Usiku nikamwomba anisomee tena ile ya tarehe 22, nikampa mkononi. Akasoma. Safari hii simu ikawa haipo, ulikuwa unabadilisha redio. Hakumbuki hata uongo wake. Nikamwambia ahsante mume wangu. Akanifunika shuka.

Nimeumwa usiku kucha, si mkono.

Mama yako nimemfungulia mlango leo. Amelia, nimelia, nimempa barua yako akatoe nakala tano. Moja ya kila mjumbe wa kamati.

Tarehe 14 uje. Usiseme kitu mpaka mimi niseme. Nitawaambia wazee wa kamati mimi sioni, mume wangu ndiye msomaji wangu, wamruhusu asome barua zako mbele yao. Atakubali. Anapenda kusikilizwa. Nimempigia pasi suti nyeusi kwa mkono huu huu wa kushoto.

Usidhani nakutetea. Nawe zamu yako ipo.

Fundi


Tarehe 17 Aprili

Mke wangu,

Nakuandikia kutoka kwa kaka, chumba cha nyuma, juu ya gunia. Mvuliwa nguo huchutama, nami nimechutama. Lakini ulikuwa na haja gani ya kunivua mbele ya watu wote wale?

Ungeniuliza nyumbani. Ungenipiga hata sufuria. Lakini wewe ulinifunga tai, ukaniambia nimependeza, ukanishika mkono tukaingia pamoja. Nikasoma kwa sauti yangu nzuri, “Mama, nilikuwa nachezea simu.” Yule mama mwenyekiti akaweka kidole kwenye karatasi yake, akasema, “Endelea, mzee.” Nikaendelea. Wajumbe watano wote wanatazama chini. Nilidhani wananisikiliza. Nilipomaliza akaniuliza, “Sasa tusomee na ukurasa wa pili, ule unaoanza na drafti.” Karani akaacha kuandika. Nikageuka kukutazama wewe, mke wangu, unisaidie. Ukatoa miwani kwenye mkoba, ukaivaa, ukanitazama. Kwa nini hukusema kitu?

Leseni yangu wameikata kwa mkasi pale pale. Miaka thelathini! Na kesi ya kuvuruga ushahidi inakuja, na nasikia shahidi wa kwanza ni wewe. Kaka anasema wake za watu hawafanyi hivyo.

Nikueleze ukweli wangu. Miaka thelathini nimezima injini kwenye miteremko na sijakwaruza hata kuku. Mimi niliona nampa yule binti kitu, siri ya kazi, maana kijana gani siku hizi anamsikiliza dereva mzee? Alikuwa ananiuliza maswali. Aliandika majibu kwenye kidaftari. Tangu nistaafu hakuna mtu aliyeandika neno langu. Na siku ile nilipoliona gari limeingia barazani nilijua sekunde ile ile ni kitu gani kimetokea. Nikaogopa. Nilisema nitengeneze kwanza hili dogo, kisha nikaja kwako, nikaona mkono. Baada ya hapo kila siku ilikuwa ngumu kuliko jana yake. Kukufunga vifungo hakukuwa uongo. Hilo uliamini au usiliamini.

Naomba nirudi. Naomba pia unitumie wembe wangu na ile sweta ya kijivu.

Mumeo


Tarehe 20 Aprili

Taratibu,

Barua yako imefika. Nilimpa Mama Saluni anisomee. Alifika katikati akaanza kukohoa, akaniambia hakuna cha maana, umeomba wembe na sweta. Kwa hiyo nimekutumia wembe na sweta.

Tutaonana mahakamani.

Fundi


Tarehe 23 Aprili

Mama Fundi,

Shikamoo.

Nimerudi nyumbani tangu siku ya kamati lakini sijathubutu kupita kwenye baraza yako. Nazunguka njia ya soko. Miezi kumi na minane bila leseni, kisha kuanza upya kwa mwalimu mwenye kibali. Ni haki. Mwenyekiti aliniuliza kama nina la kusema, nikasema sina, maana ulikuwa umeniambia nisiseme mpaka useme, na wewe hukusema. Ulivaa miwani tu.

Nilitaka uniambie kama tumemaliza. Ulisema zamu yangu ipo. Nikikaa saluni na mlango ukafunguliwa nashtuka nadhani ni wewe. Kama kuna jingine, heri nilijue sasa.

Na kuhusu chuo. Sikulaumu, hukusomewa. Lakini nataka ujue kwamba nilikuwa nimeshashonewa sare. Uliishona wewe, mwezi wa kwanza. Mama alikuficha ni ya nani kwa sababu alitaka iwe zawadi ya kushtukiza siku ya kuanza.

Binti wa Mama Saluni


Tarehe 2 Mei

Binti,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nangoja posta.

Nimekiandikia chuo mara mbili, kwa kushoto, kwa mwandiko huu unaouona. Mara ya kwanza nilieleza kwamba nilidanganywa. Mara ya pili nikatia nakala ya kurasa zako nne na uamuzi wa kamati. Mara ya tatu nikapanda basi nikaenda mwenyewe, nikakaa kwenye benchi tangu saa mbili mpaka saa nane, wale wanafunzi wapya wananipita na sare zao. Mwanamke wa ofisini alinisikiliza vizuri. Alisoma. Akasema ameelewa, na orodha imefungwa, na jina lako limeshaandikiwa neno ambalo yeye hana kalamu ya kulifuta. Kwa mwaka huu hapana. Mwaka ujao uombe upya, na ile barua yangu ya kwanza itakuwemo kwenye faili lako, na wateja wangu sitini na wawili chini yake.

Uliuliza kama tumemaliza. Mimi sijakusamehe. Sitaki nikudanganye, ndani ya nyumba hii uongo umetosha. Asubuhi nikitaka kushika kikombe na kidole kikabaki kimesimama peke yake, nakuchukia upya kama ni siku ile. Taratibu naye simsamehei, na hakimu akiniuliza nitamweleza yote mpaka rangi ya tai. Dunia nzima inaniambia mama yatosha, yameshamwagika. Hayajatosha. Mkono ni wangu.

Lakini kuna jambo linanikaba, na sina mtu mwingine wa kumwambia. Wewe uliringa mbele ya rafiki yako. Ulifanya ujinga, ujinga wa sekunde kumi na tano, na hukunikusudia mimi, hata hukukumbuka kama nipo pale chini. Mimi nilikaa kitako. Nilikunywa chai. Nilichagua neno, nikaliacha, nikachagua lililo kali zaidi. Nilifikiri, binti huyu anataka nini kuliko vyote, nikakifuata hicho. Nilizunguka kwa wateja, nyumba kwa nyumba, mkono umefungwa shingoni ili wanionee huruma, nikiomba sahihi. Mume wangu alinidanganya, kweli, lakini hakunituma. Aliponiambia barua yako ilikuwa ya radhi na simu, ningeweza kulia nikalala. Nilisema, lete karatasi.

Nimelizungusha kichwani wiki mbili nikitafuta pa kuliegemeza kwa mtu mwingine, sijapata. Lako lilikuwa ajali. Langu nililikusudia.

Fundi